Programu gani nzuri ya kuonyeshea sakiti darasani? Nina wanagenzi 14 wa umeme (Nyakato, Mwanza)

Mwalimu_Nyakato
Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha wanagenzi wa umeme wa majumbani hapa Nyakato, darasa la jioni, saa 11 mpaka saa 1. Mchana wanakuwa saiti na mafundi wao, wakifika kwangu nywele zimejaa vumbi la kuchonga kuta. Kupitisha waya kwenye paipu wananishinda. Kisichoingia ni kile kisichoonekana: umeme unapita wapi, unakomea wapi, na kwa nini taa ikizimika haimaanishi nyaya zake zimekufa. Nachora mishale ubaoni mpaka chaki inaisha, wao wananitazama kama nawasomea risala.

Nilichonacho ni kompyuta moja ya mtumba yenye ramu ya giga 4, projekta ya kuazima kanisani (Jumatano haipatikani, kwaya wanaitumia) na bando la mfukoni mwangu. Simu zao ni zile za kawaida, nusu yake vioo vimepasuka.

Wiki jana kaja muuzaji na programu ya kulipia kila mwaka, kwa dola. Picha zake tamu kweli, unafungua mlango unaingia mpaka jikoni kwa mtu. Nikamwomba nusu saa niichezee mwenyewe. Nikafunga taa, nikaweka swichi kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) makusudi, badala ya laivu (waya unaouleta). Ikakataa. Ikatoa alama nyekundu, ikanirudisha nyuma. Muuzaji akatabasamu: "Unaona, haikubali kosa." Hapo ndipo nilipoanza kusita. Kule saiti sijawahi kuona ukuta unaokataa kosa.

Nyie mnatumia nini?

Ngosha_wa_Igoma
Nimeweka kiti hapa.

Plaizi_na_Tesa
Mkuu, usimpe huyo jamaa hata senti kabla hujaonja vya bure.

Anza na PhET. Ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, ulianzishwa 2002 na Carl Wieman, yule aliyepata Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Kuna moja humo ya kujenga sakiti: unavuta betri, waya, balbu, swichi, unaunganisha kwa kidole. Ukipiga shoti betri inawaka moto kabisa, na vijana hapo ndipo wanapoamka. Fyuzi ipo, voltimita ipo, hata sarafu na penseli zipo za kujaribu kipi kinapitisha umeme. Unaipakua mara moja kama faili, halafu inafanya kazi bila intaneti, inafunguka hata kwenye simu. Na baadhi ya michezo yao imeshatafsiriwa Kiswahili.

Ina kubadili picha pia. Kitufe kimoja, balbu inayofanana na balbu inageuka kuwa alama ya mchoro. Mwanafunzi anayeogopa michoro mwonyeshe hiyo mara tatu tu.

Mzee_wa_Nansio
Vijana, mimi nilianza kazi hii kabla hamjazaliwa. Bosi wangu alinipa tesa na bisbisi, akaniambia shika hapa, usishike pale. Sikuona picha ya umeme ukutani hata siku moja. Sasa mnataka mtoto afundishwe umeme kama anaangalia mpira? Akitoka hapo akashika meni swichi, ile picha itamsaidia nini?

Mwalimu_Nyakato
Shikamoo mzee. Sikupingi, mbao za mazoezi ninazo, zina soketi na taa za kweli. Shida ni kwamba ubao wa kweli hauonyeshi kitu mpaka uharibike. Taa yenye swichi kwenye nyutro inawaka vizuri na kuzimika vizuri. Kijana anasema "si inafanya kazi, mwalimu?" Namjibu nini?

Mzee_wa_Nansio
Marahaba. Mpe tesa aguse kwenye holda taa ikiwa imezimwa.

Mwalimu_Nyakato
Nawapa, mzee. Tesa inawaka, wanaona kuna umeme, lakini *kwa nini* upo hapo hawaioni. Wanakariri tu kuwa "nyutro haikatwi".

Plaizi, nimeipakua PhET leo mchana. Nzuri kwa wiki ya kwanza. Ila ile swichi ya nyutro nayo imenipita: balbu inazimika, kwenye skrini kila kitu kimetulia kana kwamba hakuna hatari. Mpaka uchukue voltimita uanze kupima kutoka kwenye balbu kwenda upande wa pili wa betri. Mtoto atajuaje kwamba apime hapo?

Nukta_Njano
Haya, sasa mmefika kwangu.

Tafuta programu ya Falstad. Aliitengeneza Paul Falstad, zamani ilikuwa ya Java, baadaye Iain Sharp akaigeuza ikawa inakwenda ndani ya kivinjari cha kawaida. Bure. Kuna ya kupakua pia, ikae kwenye kompyuta bila intaneti. Sura yake mbaya, nakuonya mapema: mandhari nyeusi, alama tupu, hakuna jikoni wala mlango. Lakini inaonyesha vitu viwili kwa pamoja, na hivi viwili ndivyo unavyovitafuta.

Mkondo unauona kama nukta za njano zinazotembea ndani ya waya. Volti unaiona kwa rangi ya waya wenyewe: kijani ni chanya, nyekundu ni hasi, kijivu ni sifuri. Kwa umeme wetu wa AC (unaogeuka chanya na hasi kila mara) waya wenye laivu unabadilika kijani, nyekundu, kijani, nyekundu, kama unapumua. Nyutro ukiifunga kwenye alama ya ethi (ardhi) inabaki kijivu.

Sasa fanya hivi. Chora taa mbili pembeni kwa pembeni, ya kwanza swichi ipo kwenye laivu, ya pili swichi ipo kwenye nyutro. Zima zote mbili. Nukta zinasimama kote. Mwanafunzi atasema ziko sawa. Mwambie aangalie rangi: taa ya kwanza kijivu pande zote mbili, imekufa. Ya pili inapumua kijani na nyekundu pande zote mbili, mpaka kwenye miguu ya taa, na swichi imezimwa! Usiseme neno. Nyamaza uone nani atakuwa wa kwanza kupiga kelele.

Wakishaelewa, chukua rezista ya omu 1000, ifunge kutoka kwenye mguu wa taa kwenda ethi. Huyo ndiye fundi aliyepanda ngazi kubadilisha balbu. Nukta zinaanza kutembea ndani yake.

Ngosha_wa_Igoma
Eh. "Huyo ndiye fundi." Mkuu umenitoa jasho.

Dogo_wa_Buhongwa
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanagenzi, sio wa kwa mwalimu, niko kwa fundi mwingine. Nimeifungua hiyo Falstad kwenye simu usiku huu. Nimeandika volti 230, nikaweka kale kagrafu ka chini kanionyeshe RMS. Inanipa 163. Nimefuta nikaanza upya mara nne. Imeharibika au mimi?

Nukta_Njano
Marahaba dogo. Hujaharibu kitu. Kile kisanduku hakitaki 230, kinataka kilele cha wimbi. Volti 230 za TANESCO ni RMS, yaani volti zinazofanya kazi sawa na hizo hizo za betri, kilele chake ni mara 1.414, yaani kama 325. Andika 325, na mzunguko (frikwensi) weka 50. Ulipoandika 230 ukaiambia kilele ni 230, ikakugawia ikapata 163. Imekujibu kweli tupu.

Na ile taa ikija mara ya kwanza imewekwa ya volti 120, ya Kimarekani. Ibadilishe iwe 230.

Mwalimu, hilo kosa la dogo usiwaepushe nalo. Waache waangukie humo humo. Mimi nilisoma kilele na RMS darasani nikafaulu mtihani, lakini nilikuja kuelewa siku iliponikataa hii programu.

Dogo_wa_Buhongwa
325 imekubali!!! 230 kamili. Asante sana kaka. Ila kwenye simu vidole vyangu vinene, nikigusa waya nagusa na taa.

Plaizi_na_Tesa
Hilo la volti 120 linanikumbusha jambo ambalo ni bora mwalimu alisikie mapema kuliko kuchelewa.

Programu nyingi na video nyingi za umeme wa majumbani ni za Marekani. Swichi ya ngazi, ile ya kuwashia chini na kuzimia juu, sisi tunaita tuwei. Wao swichi hiyo hiyo wanaiita thrii-wei, wanahesabu skrubu. Ile ya katikati, intamidieti yetu, wao ni foo-wei. Nilikuwa na kijana hapa Kirumba alizunguka maduka matatu akitafuta "thrii-wei", mara apewe ya vitufe vitatu, mara afukuzwe.

Rangi ndiyo mbaya zaidi. Kwao waya mweusi ni laivu na mweupe ni nyutro. Kwetu tumerithi za Waingereza, na Waingereza wenyewe walibadilisha 2004: laivu nyekundu ikawa kahawia, nyutro nyeusi ikawa bluu. Kwenye fezi tatu (umeme wa laivu tatu) za zamani bluu ilikuwa fezi na nyeusi nyutro, kwenye mpya bluu ndiyo nyutro na nyeusi ni fezi! Nyumba za mjini hapa utakuta zote mbili ndani ya DB (boksi la breka) moja, baba alijenga na rangi za zamani, mtoto kaongeza vyumba na rangi mpya. Sasa mlete kijana aliyejifunzia kwenye programu ya Marekani aongeze na ya tatu kichwani.

Kwa sababu hiyo mimi naipenda Falstad kuliko zile zenye picha nzuri. Haina rangi za kebo hata kidogo. Rangi yake ni volti. Inamlazimisha kijana asiamini rangi, apime.

Mama_Kontakta
Nimesoma toka juu, mnazungumza taa tu. Mimi niko kiwanda cha samaki, kazi yangu ni mota za vyumba vya baridi na pampu. Hao wanagenzi wenu wakimaliza nusu yao watakuja kuomba kazi kwangu au kwenye vinu vya pamba, na hawajui kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) inajishikiliaje.

Kwa mota tumieni CADe SIMU. Imetoka Uhispania, ni ndogo mno, unaibeba kwenye flashi, unabofya inafunguka, hakuna kuinstoli. Ni ya Windows tu. Unachora sakiti ya nguvu upande huu na ya kuongozea upande huu, unabonyeza kuigiza, nyaya zenye umeme zinabadilika rangi, kontakta inavuta, mota inazunguka. Staa-delta, ile ya kuanzisha mota taratibu kwa staa kisha kuihamishia delta, nimeifundishia hapo vijana watatu.

Zoezi langu ni moja. Nawapa staa-delta iliyokamilika, halafu nafuta viunga viwili vya NC (vinavyopitisha umeme mpaka kontakta yake ivute), vile ambavyo kontakta ya staa inaizuia ya delta na ya delta inaizuia ya staa. Nawaambia wachezee taima mpaka zivute zote mbili kwa mpigo. Zikivuta pamoja wafuate kwa kidole kwenye skrini: fezi ya kwanza inapita wapi mpaka inakutana na ya pili? Wanafika wenyewe kwamba hiyo ni shoti ya fezi tatu. Kwenye skrini hakuna moshi. Mimi moshi wake nilishaunusa, kazini kwangu kwa zamani, na mlango wa paneli ulikuwa wazi. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni nafunga kiatu, hilo ndilo lililoniokoa sura.

Ngosha_wa_Igoma
Dada pole. Sasa si useme tu programu imemaliza kila kitu?

Mama_Kontakta
Haijamaliza. Mota ya kwenye programu haina kibao cha maelezo. Unaichora, inazunguka, basi. Mota ya kweli ina kibao, na kikiandikwa 230/400 (volti za delta, kisha za staa) hiyo kwenye umeme wetu wa fezi tatu wa volti 400 ni ya staa tu, ukiipeleka delta unaichoma. Ya kuanza kwa staa-delta hapa lazima iandikwe 400/690. Programu haitakuuliza hilo hata siku moja. Kwa hiyo nina vibao vitano vya mota mbovu kwenye droo. Kabla kijana hajabonyeza kuigiza anachukua kimoja bila kuangalia, anasoma, ananiambia ruksa au si ruksa.

Mzee wa Nansio atakipenda hicho.

Mzee_wa_Nansio
Nimekipenda binti yangu. Endelea.

Ngosha_wa_Igoma
Na zile kubwa za kulipia, zinazopatikana mtaani kwa flashi "zimeshafunguliwa"? Maana Makoroboi ukiuliza hukosi.

Plaizi_na_Tesa
Uliza mwingine. Nilipewa moja, nikazima antivairasi kama nilivyoelekezwa. Kesho yake faili zangu za miaka miwili, mitihani na alama za watu, zote zimegeuka majina nisiyoyajua. Nilikaa naitazama ile kompyuta kama mtu anayetazama mtumbwi unazama. Halafu zile ni za wahandisi wa kielektroniki, zina transista elfu na hazina hata holda ya balbu.

Ukihitaji kuchora michoro misafi ya mtihani tu, ipo QElectroTech, huria na bure. Haiigizi, inachora.

Mwalimu_Nyakato
Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya cha wiki nzima, nilitaka nije na kitu mkononi.

Jumatatu nimefanya la Nukta Njano, taa mbili, swichi mbili. Nikanyamaza kama alivyosema. Ilichukua kama dakika mbili. Binti mmoja anayekaa nyuma, ambaye tangu Machi hajawahi kunyoosha mkono, akasema taratibu: "Mwalimu, hiyo ya kulia haijazimwa." Wengine wakamzomea kwamba imezimwa, nukta si zimesimama. Akainuka, akaja mpaka ukutani, akaweka kidole juu ya picha kwenye mguu wa taa, mkono wake ukawa kijani, ukawa mwekundu. Darasa likatulia. Halafu kijana mmoja wa Mabatini akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nyumba ile ya juzi...?" Hakumaliza, sikumlazimisha. Ameniambia jana kwamba wamerudi na fundi wake wakageuza swichi mbili.

Jumanne umeme ukakatika katikati. Projekta imelala, tukakusanyika 14 na mimi wa 15 kwenye skrini ya kompyuta mpaka betri ikaisha. Kwa kweli walijifunza zaidi kuliko ukutani, maana kila mmoja alitaka kushika mausi.

Sasa Alhamisi ndiyo nataka ushauri wenu. Niliamua kuonyesha ethi. Nikachora nyumba inayotegemea ethi rodi yake yenyewe: transfoma imeshikwa ardhini kwa omu 10, rodi ya nyumba nikaipa omu 100, nikagusisha laivu kwenye bodi ya friji. Nilitarajia fyuzi ikatike. Haikukatika. Mkondo ukawa ampea 2 na kidogo, breka ya 20 hata haijui kama kuna kitu, na bodi ya friji imekaa kwenye volti kama 209. Wakaniuliza, "Si ulisema ethi inaokoa?" Nikabaki na chaki mkononi.

Nukta_Njano
Hesabu yako haina kosa. 230 gawa kwa 110 ni 2.09. Mara 100 ndiyo hiyo 209. Ethi mbovu na breka peke yake havimwokoi mtu. Hapo ndipo inapoingia ile breka ya miliampea 30, inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Ampea 2 zikipotelea ardhini yenyewe inakata papo hapo. Falstad haina kifaa hicho tayari, weka ampea mita mbili, moja laivu moja nyutro, waone tofauti wenyewe.

Mzee_wa_Nansio
Mwalimu, hapo sasa nisikilize mimi.

Omu 100 umeiweka ya kuigiza, lakini Mwanza hiyo ni ya kweli. Mji huu umekaa juu ya mawe. Nimewahi kuitwa nyumba moja kule Bugarika, mama analalamika bomba la maji linamng'ata. Nikafuata waya wa ethi. Rodi imeingia ardhini urefu wa kutoka kiwiko mpaka kidole, ikakuta jiwe. Fundi alifanya nini? Akaikata kwa msumeno, akamwagia sementi juu, mwenye nyumba aone kichwa tu kinang'aa. Bodi zote za vyuma humo ndani zinangoja mtu.

Tulizika mbili mahali pengine, mbali na jiwe, kwenye udongo wa bondeni karibu na migomba pale ambapo maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa, tukaziunganisha. Zamani tuliweka chumvi na mkaa, inasaidia lakini chumvi inakula chuma, usiitegemee. Na tuliweka hiyo breka ya 30.

Hebu kwenye hiyo picha yako, ile 100 inaweza kubadilishwa wakiwa wanaangalia?

Mwalimu_Nyakato
Inaweza mzee. Kuna kitelezi, unakisogeza namba inapanda na kushuka, na volti ya friji inafuata.

Mzee_wa_Nansio
Basi hiyo nataka kuiona. Jumatano nakuja mjini na meli kumpeleka mama kliniki. Nitapita kwako jioni. Nitabeba na kile kipande cha rodi, nilikitunza.

Mwalimu_Nyakato
Karibu sana mzee. Jumatano projekta iko kwaya, tutabanana kwenye kompyuta.

Wengine: muuzaji nimemjibu kwamba bado. Falstad, CADe SIMU, PhET na mafaili ya mazoezi nimeyaweka kwenye flashi moja. Anayetaka aje na ya kwake, yangu ilitoka juzi ikarudi na nyimbo 400 na haina zoezi hata moja.

Dogo_wa_Buhongwa
Mwalimu, Jumatano hata asiye wa darasa lako anaruhusiwa? Nakuja na mausi yangu.